Corolla 110 otomatiki kuigeuza manyuali: kazi ya maana au kujitafutia taabu?

#1 MsafiriWaKinoo
Wadau, naomba mwanga. Nina Corolla 110 ya mwaka wa 1998, injini ya 5A, otomatiki ya gia nne. Giaboksi imeanza kuteleza. Nikipandisha kutoka Kangemi kuelekea Uthiru, ikitaka kutoka ya pili kwenda ya tatu injini inapaza sauti kwanza, mshale wa mizunguko unaruka, kisha gari linashika kwa kishindo. Asubuhi likiwa baridi halina neno. Shida huanza likishapata moto.

Fundi ameniambia nichague: ninunue otomatiki nyingine ya mtumba, tuifungue hii tubadilishe klachi za ndani, au tutoe otomatiki yote tuweke manyuali. Hiyo ya mwisho ndiyo anayoipigia debe. Anasema giaboksi za manyuali za 110 zimejaa Kirinyaga Road, bei ziko chini, na nikishaweka nitasahau habari za giaboksi. Kuna aliyefanya kazi hii hapa mjini? Bodi ya gari bado ni nzima, kuuza sitaki.

#2 Spea_Grogan
Karibu mkuu. Mimi nauza spea, kwa hivyo nakwambia ninayoyaona kila wiki. Fundi wako hajadanganya, giaboksi yenyewe kupata si kazi. Kinachochosha watu ni vile vitu vidogo vinavyoizunguka. Mteja ananunua giaboksi Jumamosi. Jumatatu yuko hapa anatafuta flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalobeba klachi. Jumanne amerudi, bolti za flaiwili si zile za sahani ya otomatiki, urefu wake ni mwingine. Alhamisi anatafuta pedeli ya klachi, na hapo ndipo kilio huanza, maana wanaovunja magari huzitupa pedeli kwenye vyuma chakavu.

Bado kuna masta silinda ya klachi, silinda ya chini na paipu yake, uma na beringi yake, kigingi cha gia na kebo zake mbili, mauntingi, na shafti za magurudumu. Ukinunua kimoja kimoja, jumla itaipita bei ya giaboksi ukashangaa. Tafuta 110 ya manyuali inayovunjwa, uchukue kila kitu kwenye gari hilo hilo moja. Hata skrubu za pedeli chukua.

#3 MzeeWaPeugeot
Kijana, weka manyuali ulale usingizi. Sisi tuliendesha Peugeot 504 kutoka hapa hadi Busia na kurudi na hatukujua giaboksi hufunguliwa vipi. Ukikanyaga klachi unajua umekanyaga nini. Gari hilo hilo ndilo lililoshinda Safari Rally 1976, na halikuwa na otomatiki.

#4 Karani_wa_Rali
Mzee wetu, heshima yako, lakini 1976 alishinda Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Ushindi wa 504 ulikuwa 1975, dereva Ove Andersson, halafu 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile 504 Coupé ya V6. Manyuali zote, hapo tuko pamoja.

#5 MzeeWaPeugeot
Asante kwa kunikumbusha, 1975 ni sawa. Joginder nilimwona kwa macho yangu, lakini hayo ni ya siku nyingine.

#6 DadaWaWaya
Msafiri, kabla hujamruhusu mtu ashike spana, fanya mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Mimi ni fundi wa umeme wa magari na nimeona otomatiki nzima zikitolewa kwa kosa la waya.

Kwanza ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Gari likiwa na moto, injini ikiwa inazunguka, pitisha kigingi kwenye gia zote taratibu urudishe P, ndipo uchomoe kijiti. Soma alama ya HOT. Ipake kwenye karatasi nyeupe uitazame juani. Ikiwa nyekundu ya kung'aa, vizuri. Ikiwa kahawia iliyokolea na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaliwa.

Pili, kuna kebo inayotoka kwenye throto kuingia giaboksi. Watu wengi hudhani ni ya kuongeza kasi tu. Kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi iweke presha kiasi gani ya mafuta. Ikilegea, presha inapungua, klachi zinateleza hasa mlimani na hasa mafuta yakiwa yamelainika kwa joto. Hiyo ni dalili yako neno kwa neno.

Tatu, soma kodi za hitilafu. Kwenye kile kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti unaunganisha TE1 na E1, unawasha swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inavyopepesa. Ikitoa 62 au 63, ni solenoidi, yaani valvu za umeme, za kubadilisha gia. 64 ni ile ya kufunga konvata, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki. Solenoidi inatoka bila kuvunja giaboksi.

#7 Spea_Grogan
Hapo dada amesema kweli, na inaniuma kwa sababu biashara inaenda. Kebo wengi hawaigusi.

#8 Buru_100
Mimi nilifanya. Gari ni AE100, injini ni hiyo hiyo 5A. Ilikuwa otomatiki, sasa ni manyuali, na sijuti hata kidogo, gari limekuwa jepesi kama limevua gunia. Lakini kuna kitu kinanisumbua hadi leo na nimekuja hapa kwa sababu ya uzi huu. Nikikaribia taa, tuseme pale Jogoo Road na City Stadium, nakanyaga klachi, mshale unashuka moja kwa moja, unapita mzunguko wa kawaida, unagusa chini kabisa. Mara nyingine injini inazima, mara nyingine inajikokota inapanda. Nikiwa nimesimama tu halina tatizo. Ni pale ninapotoka kwenye mwendo. Fundi aliyefanya kazi anasema litazoea. Gari litazoea nini?

#9 Toki_ya_Umoja
Buru_100, hiyo ni kompyuta. Bado una kompyuta ya otomatiki, sivyo? Ile huwa inangoja kuambiwa kama uko P (kuegesha), N (bila gia) au kwenye gia, ili ijue iongeze hewa kiasi gani. Fundi wako bila shaka aliunganisha waya mbili za swichi ya P/N ili stata izunguke, na sasa kompyuta inaamini uko N maisha yako yote, hata ukiwa kasi ya 80. Ukiachia mafuta ukakanyaga klachi, haijui ikudake wapi. Tafuta kompyuta ya 5A ya manyuali yenye soketi sawa.

#10 Fundi_Kaloleni
Toki usimtishe mwenzako. Nimefanya hizi Toyota nikiwa na kompyuta ya otomatiki na zinatembea vizuri. Injini ya 5A ina valvu ya hewa ya mzunguko wa chini, imekaa chini ya throto, na maji ya rejeta hupita humo. Ikijaa masizi inakuwa nzito. Otomatiki ilikuwa inamficha, kwa sababu konvata huiachia injini polepole. Klachi huikata mara moja, na valvu nzito haiwahi. Fungua throto, isafishe, hakikisha valvu inageuka bila kukwama. Uchafu ulikuwapo tangu zamani, manyuali imeufichua tu.

#11 Wa_Ngara
Au paipu ya vakyumu. Wakati wa kuteremsha giaboksi mikono hupita nyuma ya manifoldi na kuna vipaipu vya mpira vilivyokauka. Kimoja kikipasuka, hewa isiyohesabiwa inaingia. Pulizia maji ya sabuni huku injini inazunguka usikilize.

#12 Buru_100
Asanteni. Throto ilisafishwa mwezi uliopita, nafuu ilikuwa ndogo. Paipu nitazitazama. Toki, ndiyo, kompyuta ni ile ile ya zamani.

#13 DadaWaWaya
Buru, swali moja: kipima mwendo kinafanya kazi?

#14 Buru_100
Kinafanya kazi vizuri kabisa.

#15 DadaWaWaya
Basi sensa ya kwanza ni nzima. Lakini otomatiki za solenoidi zilikuwa na sensa ya pili ya mwendo ndani ya giaboksi, na hiyo sasa haipo. Sisemi ndiyo inayokuzimia gari. Nasema kompyuta yako ina angalau maswali mawili ambayo hakuna anayeyajibu, la sensa na la P/N. Na kitu kingine kabla ya kununua kompyuta: tazama waya mnene wa hasi unaotoka betri kwenda giaboksi. Mara nyingi hurudishwa kwenye bolti yenye rangi au kutu, au husahaulika kabisa, na injini inajitafutia hasi kupitia kebo za gia. Ukishika kebo ikiwa na joto baada ya kuwasha stata, umeshapata jibu.

#16 Fundi_Kaloleni
La hasi nakubali asilimia mia. La kompyuta bado nabisha.

#17 Mama_wa_Syokimau
Naomba kuongea juu ya kitu mlichokipita haraka, kuunganisha swichi ya P/N moja kwa moja. Jirani yangu aligeuziwa gari hivyo. Maana yake ni kwamba stata inazunguka wakati wowote, hata gari likiwa limeachwa kwenye gia ya kwanza. Kijana wake wa miaka tisa aliingia kuwasha redio, akageuza ufunguo hadi mwisho. Gari likaruka mbele likaipiga geti. Mungu alisaidia hakukuwa na mtu kati ya boneti na geti. Mafundi, kuna swichi inayokaa juu ya pedeli ya klachi, stata haizunguki mpaka ukanyage. Mbona hamuiweki?

#18 DadaWaWaya
Dada umesema jambo kubwa kuliko yote kwenye uzi huu. Waya zile zile mbili zilizokuwa zikienda swichi ya P/N zinavutwa hadi kwenye swichi ya klachi. Ni kazi fupi. Anayekuambia haiwezekani hataki kulala chali chini ya dashibodi, basi. Na waya za taa za rivasi pia zivutwe hadi swichi iliyo kwenye giaboksi mpya, kwa sababu zamani zilitoka kwenye swichi ile ile ya P/N. Magari mengi yaliyogeuzwa yanarudi nyuma gizani bila taa.

#19 Fundi_Kaloleni
Mama wa Syokimau, nimekusikia. Mimi huiweka mteja akiileta. Wengi wakishanunua giaboksi hawataki kusikia neno swichi.

#20 Mama_wa_Syokimau
Basi msikabidhi gari bila hiyo. Mteja hajui, wewe unajua.

#21 Forester_Rongai
Wakuu, samahani kuingilia. Na mimi nina Subaru Forester SF5, nawaza hayo hayo. Hizi injini za Subaru za EJ, giaboksi ya manyuali inaingia bila kubadilisha chochote, si ndiyo?

#22 Toki_ya_Umoja
Forester, simama hapo hapo. Kushika kwenye injini itashika. Hatari iko nyuma. Subaru inazungusha magurudumu yote manne, na difu ya mbele iko ndani ya giaboksi. Ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Kuna zenye meno 37 kwa 9, yaani 4.11, na kuna 40 kwa 9, yaani 4.44, na otomatiki na manyuali za gari moja zinaweza kutofautiana. Ukiweka giaboksi ya 4.11 ukaacha difu ya nyuma ya 4.44, mbele na nyuma zinavutana kila mita unayokwenda. Utahisi usukani umekaza ukikata kona ya maegesho, harufu ya kuungua itafuata, na difu ya kati itakufa.

Usiamini stika. Inua nyuma, weka alama ya chaki kwenye propela, zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma pamoja mara kumi na uhesabu propela. Ikizunguka 41 na kidogo, ni 4.11. Ikipita 44, ni 4.44.

#23 Forester_Rongai
Hii imeniokoa. Nilikuwa nimeshaahidiwa giaboksi bila difu. Nitamwambia anipe zote mbili au aache.

#24 GX_Mwiki
Na sisi wa Toyota Mark II? Yangu ni GX110, injini ya 1G.

#25 Toki_ya_Umoja
Hiyo inavuta nyuma, kwa hivyo hakuna shafti za mbele za kukusumbua, lakini kuna propela. Giaboksi mpya ikiwa na urefu tofauti, propela ifupishwe au irefushwe na ipimwe mizani tena, la sivyo itatetemeka ukigonga 90. Na mwisho wa krankshafti kuna tundu la beringi ndogo ya kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Otomatiki huwa haina beringi hiyo. Wakisahau kuiweka, giaboksi italia baada ya siku chache tu. Wapo wanaotumia ile ya gia sita ya Altezza ya 1G. Tafuta mtu aliyefanya kweli, si anayesema atafanya.

#26 Goti_la_Thika_Road
Mimi niko upande mwingine. Jamani, tuseme ukweli wa Nairobi. Ukitoka kazini saa kumi na moja jioni, Thika Road kutoka Pangani hadi Roysambu unakanyaga klachi zaidi ya unavyopumua. Nilikuwa na manyuali, nikauza nikanunua otomatiki kwa sababu ya goti la kushoto. Giaboksi ya otomatiki ikitunzwa, ATF ikabadilishwa, inakaa. Watu hawabadilishi ATF mpaka ife, halafu wanasema otomatiki ni mbovu.

#27 MzeeWaPeugeot
Goti, wewe kaa kwenye otomatiki yako utuachie barabara ya Mai Mahiu. Pale unapoteremka ndipo manyuali inajulikana ni ya nini. Gia ya pili, mguu nje ya breki, unapita lile kanisa dogo la Waitaliano la 1942 ukiwa na amani. Otomatiki inateremka kwa breki tupu, ukifika chini zinanuka.

#28 Goti_la_Thika_Road
Mzee, otomatiki ina 2 na L kwenye kigingi. Zimewekwa kwa sababu ya mteremko kama huo. Unavuta kwenye 2 juu kabisa kabla hujaanza kushuka, injini inashikilia gari. Breki zinazonuka ni za mtu aliyeshuka na D.

#29 Fundi_Kaloleni
Goti yuko sahihi. Na hatari kubwa kuliko hizo zote ni dereva wa manyuali anayeteremka akiwa amechomoa gia ati anaokoa mafuta. Injini ya sindano ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, inakata mafuta kabisa. Ukichomoa gia ndipo inaanza kunywa ili isizime. Kwa hivyo haokoi kitu na amepoteza breki ya injini.

#30 Wa_Ngara
Na kunywa mafuta je? Fundi wangu husema manyuali inapunguza robo.

#31 Toki_ya_Umoja
Robo ni maneno ya kuuza. Kwenye foleni na milima midogo, konvata inateleza na kugeuza mafuta kuwa joto, hapo manyuali inashinda wazi. Barabara kubwa, otomatiki ya gia nne inafunga konvata kwenye gia ya juu, na hapo tofauti inakuwa ndogo sana. Kinachofanya watu wahisi gari limepata nguvu ni kwamba sisi tuko juu. Nairobi ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ndogo isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu kabla hata haijaondoka. Ukiiondolea na mzigo wa konvata, ile iliyobaki unaihisi. Pelekeni 110 ya otomatiki Mombasa muone kama ni gari lile lile.

#32 Baharia_Kisauni
Niko Mombasa, nathibitisha. Jamaa zangu wakija na magari ya Nairobi wanadhani yamefanyiwa sevisi njiani.

#33 Karani_wa_Rali
Nikirudi kwa Msafiri, kuna mambo ya karatasi. Namba ya injini haibadiliki, kwa hivyo logibuku haikusumbui hapo. Lakini tazama leseni za nyumbani kwako. Leseni ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ya daraja B1 ni ya gari dogo la otomatiki tu. Manyuali inataka B2 au B3. Kama mke au kijana wako alifanya mtihani wa otomatiki, siku utakapomaliza kazi hii ataacha kuwa na haki ya kuendesha gari hilo, na akipata ajali bima itakuwa na la kusema. Bima nayo ijulishwe kwa maandishi kwamba giaboksi imebadilishwa.

#34 MsafiriWaKinoo
Nimesoma yote, asanteni sana. Mke wangu ni B1. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nilifuata maneno ya DadaWaWaya. ATF ni kahawia, haijawa nyeusi, harufu ipo kwa mbali. Kodi hakuna. Kebo ya throto ililegea wazi: nikikanyaga mafuta hadi mwisho ilibaki na ulegevu unaoingia kidole. Fundi mwingine ameikaza na kubadilisha ATF na chujio. Gari limebadilika. Kangemi napanda na kishindo kimepungua, ingawa likipata moto sana bado linateleza kidogo ya pili kwenda ya tatu.

Sasa nimeambiwa kuna 110 ya manyuali inavunjwa Baba Dogo, imegongwa nyuma, mbele nzima. Mwenyewe yuko tayari kuniuzia kila kitu cha giaboksi pamoja na pedeli na kompyuta. Nikienda kuitazama nitazame nini?

#35 Fundi_Kaloleni
Kama injini inawaka, iwashe. Ukiachia klachi ukiwa bila gia usikie kama kuna mlio, ukikanyaga unapotea: hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia. Ukisikia kinyume chake, mlio unapokanyaga, ni beringi ya klachi, hiyo utabadilisha tu.

Kama injini haiwaki, giaboksi ikiwa chini, ishike shafti ya kuingilia kwa vidole viwili. Isukume juu na chini, icheze kidogo sana au isicheze. Weka kila gia, izungushe kwa mkono. Izunguke laini, isikwaruze wala kuruka mahali pamoja, maana kuruka pamoja kila mzunguko ni jino lililovunjika. Angalia meno ya shafti pale sahani ya klachi inapokaa, yasiwe yamechongoka. Halafu fungua bolti ya kumwagia mafuta utazame sumaku yake. Unga laini wa kijivu ni kawaida ya umri. Ukiona vipande vya chuma unavyoweza kuvishika, rudisha bolti uage.

#36 Toki_ya_Umoja
Na siku ya kufunga simama hapo mwenyewe. Kati ya injini na giaboksi kuna pini mbili za chuma zenye uwazi, kazi yake ni kuweka vitu viwili hivyo katikati. Mara nyingi hubaki kwenye otomatiki iliyotolewa. Bolti zitakaza bila hizo, lakini shafti itakaa pembeni kidogo na klachi itatetemeka ukianza mwendo, utabadilisha sahani tatu bila kujua kwa nini. Pia nyuma ya sahani ya otomatiki kuna bamba jembamba la chuma kwenye krankshafti. Litolewe kabla ya flaiwili kuingia.

#37 Wa_Ngara
Kutetemeka si lazima pini. Flaiwili ya mtumba isiyochongwa upya hufanya hivyo hivyo.

#38 Spea_Grogan
Au mauntingi. Mauntingi za otomatiki ni laini, wengine huziacha wakaweka giaboksi ya manyuali juu yake.

#39 Buru_100
Nimerudi kutoa ripoti. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya rangi, Dada. Tumekwangua, tumekaza. Stata sasa ina nguvu tofauti kabisa. Kuzima kwenye taa kumepungua lakini hakujaisha, jana mara moja pale Muthurwa. Fundi_Kaloleni, valvu iligeuzwa kwa kidole, ilikuwa nzito upande mmoja. Toki, kompyuta ya manyuali nimepata moja, mwenye duka hataki nijaribu kabla ya kulipa.

#40 Toki_ya_Umoja
Usilipe bila kujaribu. Na linganisha namba zilizo kwenye stika ya kompyuta, si umbo la soketi peke yake.

#41 Fundi_Kaloleni
Valvu nzito upande mmoja, unaona sasa. Badilisha valvu kwanza, ndipo tuzungumze kompyuta.

#42 MsafiriWaKinoo
Wakuu, nimetoka Baba Dogo. Shafti haichezi, gia zote zinazunguka laini, sumaku ina unga tu. Pedeli zote tatu zipo na ile ya breki nyembamba ya manyuali, na swichi iko juu ya pedeli ya klachi, Mama wa Syokimau, nimeitazama kwanza kabla ya kitu kingine. Nimelipa arbuni. Mke wangu amesema ataenda kufanya mtihani wa B2, hilo tumekubaliana kabla ya pesa kutoka. Nitaitumia otomatiki mpaka iteleze kiasi cha kutovumilika, vitu vikiwa vimekaa nyumbani.

Swali dogo: mafuta ya giaboksi hii ni ATF au nini? Muuzaji ameniambia oili yoyote nzito.

#43 Spea_Grogan
Si yoyote. Hizi giaboksi za manyuali za Toyota za familia ya C zinataka oili ya 75W-90, inaingia kama lita 1.9. Kwa daraja la oili chukua GL-5, ndiyo rahisi kupatikana.

#44 Toki_ya_Umoja
GL-5 hapana! Inakula shaba ya sinkro, zile pete zinazolainisha gia kuingia. GL-4 tu.

#45 Spea_Grogan
Kitabu cha Toyota cha giaboksi hizi kimeruhusu GL-4 au GL-5, zote mbili.

#46 Fundi_Kaloleni
Kitabu kiliandikwa sinkro zikiwa mpya. Ya Msafiri ina zaidi ya miaka 20. Mimi naweka GL-4, na nikikosa GL-4 natafuta duka lingine.